Kupanda mawe kwa gari la 4x4 kutokea Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila tunapokutana na madereva wapya wa 4x4: gereji, kituo cha mafuta, hata msibani. Yamepangwa kuanzia ya mwanzo kabisa. Mwenye haraka aruke hadi sehemu inayomhusu.

## Mambo ya mwanzo

Kupanda mawe kwa gari ni nini? Si ndiyo safari ya porini tu?

Hapana. Safari ya porini ni umbali mrefu kwenye barabara mbovu, na mara nyingi mwendo unakusaidia: kwenye mchanga au tope, ukipunguza unazama. Kwenye mawe ni kinyume. Gari linakwenda polepole kuliko mtu anayetembea, tairi moja linapanda wakati jingine linashuka, na dereva anajua kila gurudumu liko wapi. Mita hamsini zinaweza kula saa nzima.

Marekani huu ni mchezo kamili. Johnson Valley, California, tangu 2007 kuna mashindano ya King of the Hammers, ambapo magari yanakimbia jangwani kisha yanaingia makorongo ya mawe katika mbio hizo hizo. Kwetu wengi hawaendi kucheza. Wanataka kufika mahali, na jiwe liko njiani.

Arusha au Moshi kuna njia rasmi za kupanda mawe zilizopewa madaraja?

Usitegemee kukuta kibao chenye namba. Kilichopo ni barabara za vijiji, njia za mifugo, njia za uokoaji mlimani, na makorongo ambayo mvua imeyageuza ngazi. Ukisikia mtu anasema njia fulani ni "ya nane", muulize nane ya wapi, na aliipita mwezi gani.

Hayo madaraja ya 1 hadi 10 ya Wamarekani yana maana gani?

Moab, katika jimbo la Utah, ndiko yanakotajwa sana. Huko madereva wa Jeep wamekuwa wakikutana kila Pasaka tangu 1967. Kwa kifupi, 1 ni barabara ya vumbi ambayo gari lolote linapita. Katikati unahitaji 4L (gia ya chini ya 4x4), uwazi wa kutosha chini ya tumbo la gari na dereva mwenye utulivu. Juu kabisa ni mahali pa magari yaliyofanyiwa marekebisho makubwa, na mwenye gari amekubali bodi itabonyea. Njia ya Rubicon, California, yenye km 35 hivi za mawe ya matale, huwekwa kwenye namba za juu, na wengi hulala usiku njiani.

Shida inaanza pale tunapozileta namba hizo huku. Mwamba wa Moab ni mchanga ulioshikamana, unakwaruza kama msasa, na tairi linaushika hata mlima ukisimama. Tena haubadiliki sana kati ya mwaka mmoja na mwingine. Mawe yetu ni ya volkano, na mengi yamelala huru juu ya majivu na vumbi: tairi linakanyaga, jiwe linabingirika. Mvua za Aprili zikishapita, udongo uliokuwa umejaza nafasi kati ya mawe umeondoka, na njia uliyoipita Februari kwa mkono mmoja sasa ina ngazi ya kufika gotini. Namba ya Februari imekufa.

Basi nitapimaje ugumu mwenyewe?

Shuka kwenye gari. Tembea kipande chote kibaya hadi mwisho wake, siyo hadi kona ya kwanza.

Anza na kimo cha jiwe ukilinganisha na tairi lako. Tairi la inchi 31 lina kimo cha sm 79 hivi. Kipimo tunachotumia: ngazi isiyozidi theluthi ya tairi, gari la kawaida lenye 4L linapanda. Ikikaribia nusu, unahitaji loki ya difu (difu ni fuko la gia kati ya magurudumu mawili, na loki huyafunga yazunguke pamoja) au kupanga mawe ya kusaidia. Ikipita kitovu cha gurudumu, tafuta njia nyingine. Kisha lipige jiwe teke. Likicheza chini ya mguu wako, chini ya tani tatu litahama.

Halafu lisome. Jiwe lenye alama nyeusi za mpira limeshakwanguliwa na matairi ya wengine, na alama hizo zinakuonyesha mstari walioufuata. Michirizi inayong'aa katikati ya njia ni ya difu. Iliyo pembeni ni ya vikanyagio vya mlangoni. Ukiona doa la oili lililokauka hatua chache mbele ya michirizi, kuna aliyetoboa sampu (bakuli la oili chini ya injini), na yeye pia alidhani panapitika. Angalia na mlalo wa upande: korongo likiinamisha gari kushoto halafu kuna jiwe la kupanda upande wa kulia, mlalo unajumlishwa, na hapo ndipo magari hulala ubavu.

Mwisho, jiulize ukishindwa utarudije nyuma, na nani atakuja. Hili watu wengi hawalihesabu. Jiwe lile lile likikukamata karibu na Usa River ni usumbufu wa mchana. Likikukamata ng'ambo ya mlima Kitumbeine, mbali na mji, jioni, unalala hapo. Kwangu hizo ni daraja mbili tofauti, hata kama jiwe ni moja.

## Gari

"Kaka, RAV4 yangu itafika?"

Inategemea wapi. Engaresero, kijiji cha kando ya Ziwa Natron, wakati wa kiangazi, ukiwa mtulivu na kuna gari kubwa mmefuatana nalo, utafika. Ila RAV4 haina 4L, na tumbo lake liko chini. Kwenye mawe halisi utalazimika kuyarukia kwa mwendo, na hapo ndipo sampu zinapotobolewa. Ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Sonjo, iache nyumbani.

Jimny, mkonga au One Ten: ipi bora kwa mawe?

Mwaka 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover, na mabishano haya yalipamba moto upya. Tuanze na vipimo.

Jimny ya milango mitatu ya kizazi cha sasa, iliyotoka 2018, ina sm 225 tu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Pembe yake ya kuingilia mlima ni digrii 37, ya tumbo 28, ya kutokea 49. Mkonga, yaani Land Cruiser 78, una sm 298, na One Ten, yaani Land Rover Defender 110, ina sm 279. Gari fupi halikaliwi na jiwe tumboni kirahisi, na Jimny ina uzito wa tani 1.1 hivi, kwa hiyo hata ikikwama watu wanne wanaisogeza. Udhaifu wake ni wembamba: njia zetu zimechongwa na Land Cruiser na malori, na Jimny ikiingia kwenye mifereji hiyo tairi moja linakaa ndani, jingine juu. Inakwenda imeinama.

One Ten inakunja miguu vizuri kwa sababu ya springi za koili mbele na nyuma. Mkonga, wenye springi pleti nyuma, huinua tairi mapema zaidi, lakini spea zake ziko kila gereji, na fundi wa kijijini anaujua. Kwa mchezo wa mawe peke yake ningechukua Jimny. Kwa kwenda Natron na familia na maji ya siku tatu, mkonga bila kufikiri mara mbili.

Gari la watalii lililorefushwa linafaa?

Kwa kazi yake, sana. Kwa mawe, hapana. Gereji zetu zinakata chasi na kuongeza urefu ili viti vitoshe, kisha wanaweka paa linaloinuka. Urefu unapunguza pembe ya tumbo, paa linapandisha uzito juu. Dereva mzoefu analipitisha sehemu za kushangaza, lakini anajua aepuke wapi. Wewe uliyeliazima wikendi hujui.

4L inafanya nini ambacho 4H haifanyi?

Inazidisha nguvu na kupunguza mwendo. Kwenye Land Cruiser ya dizeli ya 1HZ, gia ya kwanza ikizidishwa na transifa (giaboksi ndogo ya 4x4) ya chini na difu, unapata zaidi ya mara 40. Maana yake injini ikizunguka mara 700 kwa dakika, gurudumu linazunguka mara 16 au 17 tu, na gari linatembea kama km 2.5 kwa saa bila mguu wako kugusa mafuta. Defender 110 ya zamani iko karibu hapo hapo. Jeep Wrangler Rubicon ya gia za mkono inafika mara 84 au zaidi, ndiyo maana kwenye video inaonekana kama imelala.

Faida kubwa iko kwenye kushuka. Gia ya kwanza ya 4L, miguu yote mbali na klachi, injini inashika gari. Anayeshuka mawe kwa breki peke yake, tairi zinajifunga na gari linateleza likiwa limeshikwa.

Na ukirudi kwenye lami, toa 4x4. Magari mengi ya zamani hayana difu ya katikati, na kwenye lami kavu giaboksi na propela (mihimili inayopeleka nguvu kwenye difu) zinakazana hadi kitu kivunjike.

Loki ya difu ni lazima?

Siyo lazima, ila inabadilisha daraja la gari lako. Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa magurudumu mawili, na gurudumu lililo hewani halihitaji nguvu yoyote kuzunguka. Kwa hiyo lililo kwenye jiwe nalo halipati kitu. Ndiyo sababu gari la "four wheel" linakwama huku matairi mawili tu yakizunguka, moja mbele na moja nyuma, kwa kupishana. Loki inayafunga yote mawili ya ekseli hiyo pamoja.

Iweke kabla ya kupanda, gari likiwa limesimama au linatambaa. Ukifunga na ya mbele, usukani unakuwa mgumu na gari halitaki kukata kona. Itoe mara tu ukimaliza.

Gari langu halina loki, lina mfumo wa kielektroniki wa kushika tairi.

Unafanya kazi, lakini hadi tairi lianze kuteleza ndipo uamke. Usiachie mafuta ukisikia mlio wa breki chini. Shikilia mguu pale pale, uupe sekunde mbili tatu. Wengi huachia mapema kisha wanasema mfumo mbovu.

Nipunguze upepo wa tairi hadi ngapi?

Kwenye mawe ya mviringo, mkonga ambao kwenye lami unautembeza kwenye psi 35 au zaidi ushushe hadi 20, Jimny hadi 16 hivi. Tairi linalegea, linalikumbatia jiwe badala ya kulirukia. Chini ya 15 kwa rimu za kawaida unakaribisha tairi kuchomoka.

Lakini kwenye mawe makali ya volkano, kama yale ya kati ya Engaruka na Engaresero, usishuke sana. Upepo mdogo unatokeza ubavu wa tairi nje, na ubavu ndio sehemu nyembamba. Bora 25 au 26 na kuvumilia mtikisiko. Vyovyote iwavyo, tembea na kompresa, na usizidi km 40 kwa saa kabla hujajaza upya. Tairi laini likikimbizwa linachemka na kupasuka.

Niinue gari?

Inchi mbili, sawa. Zaidi ya hapo unaongeza uwezekano wa kulala upande na unaisumbua propela. Anza na matairi mazuri na bamba la kukinga sampu.

## Njia zenyewe

Mto wa Mbu hadi Engaresero ina ugumu gani?

Kiangazi, kwa gari lenye 4L, ni rahisi kimbinu na ngumu kimwili. Ni zaidi ya km 100, sehemu kubwa mawe, mawimbi ya barabara na vumbi la majivu linaloficha mashimo. Makorongo yanayokatiza njia ndiyo mtihani: kingo zake zinabomoka, na chini kuna mawe yaliyoletwa na maji. Masika njia hii inapanda daraja mbili tatu bila kukuaga.

Jaza mafuta Mto wa Mbu. Njiani kuna vizuizi vya halmashauri na vijiji vinavyotoza ada. Chukua risiti kila kimoja. Kipande cha kuelekea wanapoanzia wapanda Ol Doinyo Lengai ni majivu laini yaliyochanika. Mlima huo wa mita 2,962 ulilipuka mwaka 2007 na 2008, na majivu yake bado yanasogea kila mvua.

Na kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Engaresero kuelekea Sonjo?

Hapo ndipo penye mawe kweli. Kona za kujipinda, mawe huru, na upande mmoja hakuna kitu. Tumia 4L tangu chini, siyo baada ya kushindwa. Ukikutana na lori kwenye kona, anayepanda apewe njia. Usiende peke yako (tazama swali la mwisho kabla ya yale ya kukwama).

Naweza kupanda hadi Shira kwa gari langu?

Siyo kwa kujiamulia. Njia ya gari kutoka Londorossi hadi uwanda wa Shira, kama ile ya Kilema kuelekea Horombo, iko ndani ya Hifadhi ya Taifa Kilimanjaro na ndiyo inayoteremsha wagonjwa. Ukikwama katikati, umeifungia mtu aliyeishiwa pumzi huko juu.

Wenye kibali wajue hili: injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 unazopanda. Kwenye mita 3,600 za Shira, 1HZ inakuwa imebaki na theluthi mbili hivi ya nguvu zake za Tanga. Moshi mweusi si lazima uwe ugonjwa wa pampu.

Hifadhi ya Arusha je, ile njia ya Kitoto?

Ni njia nzuri ya kujifunzia kwa mwenye 4x4: mwinuko, mawe, mizizi, utelezi msituni, na ule mtini wenye tao ambao gari linapita katikati yake. Lipa, uliza langoni Momella kama imefunguliwa, baki kwenye njia. Kuacha barabara ni marufuku katika hifadhi za taifa, hata kama jiwe la pembeni linakuita.

Kreta ya Ngorongoro ni ngumu?

Kushuka Seneto ni mteremko mrefu, karibu mita 600 hadi chini, na 4x4 ni sharti. Ugumu wake ni breki, siyo mawe. Gia ya chini, basi.

Chemka?

Njia ya kwenda chemchemi za Chemka ni vumbi na mashimo. Ukikwama Chemka kiangazi, usimwambie mtu.

Niende peke yangu?

Barabara za vijiji zenye watu, sawa. Mawe au makorongo mbali na mji, magari mawili ni kima cha chini. Sehemu nyingi kati ya Longido, Gelai na Natron simu haishiki, kwa hiyo mwachie mtu aliyeko mjini jina la njia na saa ambayo akiona kimya aanze kuuliza.

## Ukiwa juu ya jiwe, na ukikwama

Jiwe likiwa katikati ya njia, nilipitishe chini ya tumbo au nilikanyage?

Likanyage. Tairi ndilo lililotengenezwa kugusa jiwe. Difu na sampu hazikutengenezwa. Kwenye magari mengi ya kwetu difu ya mbele haiko katikati kabisa, imesogea upande mmoja. Chungulia chini ya lako ujue ni upi, ili jiwe lisilokanyagika lipite upande ulio wazi.

Nani aongoze dereva?

Mtu mmoja. Wakiwa watatu, kila mmoja na mikono yake, gari linaharibika. Mwongozaji asimame mbele mahali anapoonwa, asitembee kinyumenyume bila kutazama, na kamwe asisimame chini ya gari linalopanda. Kubalianeni ishara kabla. Mkono wa ngumi ni simama, na dereva anasimama papo hapo, hata kama anaona yeye ndiye mwenye akili.

Injini imezima katikati ya kilima. Nifanyeje?

Usikanyage klachi ukaliacha gari lishuke lenyewe. Shika breki ya mguu, vuta na handbreki. Klachi chini, weka gia ya nyuma ya 4L, achia klachi yote. Nyoosha usukani. Hakikisha nyuma hakuna mtu. Sasa achia breki taratibu huku ukiwasha injini ikiwa ndani ya gia. Itashika na kukurudisha chini kwa mwendo wa injini. Magari mapya yanayokataa kuwaka bila klachi, pamoja na ya otomatiki, washa ukiwa umeshika breki kabisa, kisha ndipo uingize gia ya nyuma. Usijaribu kugeuza gari kilimani.

Gari limekaa kwa tumbo, tairi zinazunguka hewani.

Acha mafuta. Piga jeki, panga mawe bapa chini ya tairi, siyo ya mviringo. Jeki nayo iwekee ubao chini. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Tunavuta kwa kufunga wapi?

Kwenye ndoano ya chasi au shakeli iliyofungwa kwenye chasi. Kamwe kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela: kikikatika kinaruka kama risasi, na kimeshaua watu. Tandika jaketi au turubai juu ya waya wa winchi, watazamaji wote warudi mbali kuliko urefu wa waya. Ukifunga kwenye mti tumia mkanda mpana. Mnyororo unamenya gome, na mgunga wa kijijini una mwenyewe.

Korongo lilikuwa kavu asubuhi, sasa lina maji.

Mvua imenyesha juu, pengine kilometa nyingi kutoka ulipo. Subiri, mengi hushuka baada ya saa chache. Maji ambayo mtu mzima hawezi kuyavuka kwa miguu, usiyaingize gari. Ule mkonga wa pembeni, bomba la hewa na siyo gari, unasaidia injini kupumua tu. Difu ya moto ikiingia maji baridi inavuta maji ndani, kwa hiyo ukifika fungua bolti uone: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage.

Mawe tuliyopanga tuyaache?

Kwenye barabara ya kijiji waulize wenyeji. Mara nyingi watasema acheni, bodaboda zitapita. Kwenye korongo yatoeni. Maji yakikuta ukuta yanachimba pembeni, na wiki ijayo njia imehamia shambani kwa mtu.

Nikirudi kutoka Natron nioshe nini kwanza?

Chini. Vumbi la magadi likikutana na unyevu linakula chuma, hasa mabomba ya breki na kingo za chasi. Maji mengi, siyo kitambaa, na fanya siku hiyo hiyo.